Ndege Isiyo na Mawingu

Adolphe Kalenga hakuwahi kutazama picha upande wa mbele kabla ya kuigeuza. Ukimpa picha ya harusi ya binti yako, aliangalia kwanza karatasi nyeupe ya mgongoni, akaisogeza karibu na miwani, akainusa kidogo, ndipo akaigeuza kumwona bibi harusi. Mara nyingi bibi harusi hakumvutia kama mgongo wake. Siku moja paroko alimpa picha ya Bikira Maria aliyoileta kutoka Roma. Papa Adolphe akaigeuza, akasoma, akasema, "Mon père, hii walichapa Uchina." Paroko hakumletea kitu tena.

Tabia hiyo aliitoa posta. Alipanga barua katika posta ya Likasi mpaka alipostaafu, ingawa posta yenyewe ilistaafu kabla yake. Miaka ya mwisho yeye na wenzake walikuja asubuhi, wakafungua dirisha, wakailinda mizani. Zamani, barua zilipokuwapo, walisoma postikadi zote. Alilisema hilo bila haya. Alijifunza kwamba upande wa picha ni wa kuonyesha majirani, na upande wa nyuma ndipo watu huomba sukari.

Alikuja shuleni kwetu, ninakofundisha historia, akitafuta mtu mwenye kompyuta na subira. Kompyuta nilikuwa nayo.

"Madame Anne," alisema, "nataka kuona Wazungu wanasema nini juu ya ndeke yetu."

Ndeke, yaani ndege, ile aliyoisema, kila mtu wa Likasi anaijua. Zamani za Wabelgiji, mji ulipoitwa Jadotville, ndege ilitengenezwa hapa hapa. Aliyeitengeneza alikuwa fundi Mgiriki, au Mwitaliano, au padri aliyechoka na upadri. Iliruka mpaka Kambove. Au iliruka mpaka Mulungwishi, ambako watu wa misheni walidhani Bwana amerudi na wakakimbia kubadilisha mashati. Au ilianguka ndani ya machimbo ya Kakontwe, na mpaka leo saruji ya pale ina vipande vya injini. Watu hawakubaliani hata kuhusu rangi yake. Wanakubaliana kuhusu neno moja tu: rubani alikuwa babu wa yule anayesimulia.

Tulitafuta. Tukampata Mbelgiji mmoja mzee aitwaye Guy, ambaye kazi yake ya uzeeni ni kukusanya mtandaoni majina ya watengeneza ndege waliosahauliwa, wale waliojenga chombo kimoja katika banda la ng'ombe kisha wakarudi kutengeneza baiskeli. Likasi ilikuwamo. Ndege moja, mabawa mawili, mtengenezaji hajulikani, iliruka mpaka Kambove.

"Muulize nani alimwambia," Papa Adolphe alisema.

Nilimwandikia. Guy alijibu kwa adabu kwamba habari hiyo aliipata katika jarida dogo la Wabelgiji waliowahi kuishi huku. Mwenye jarida naye akajibu kwamba aliipata kwa mtu makini sana wa Likasi, mwenyekiti wa chama cha kulinda urithi wa mji, Bwana Arsène. Bwana Arsène anakaa nyuma ya soko. Tulikwenda kwa miguu.

Arsène alitupokea akiwa na tai shingoni na kandambili miguuni. Alipoulizwa habari hiyo aliitoa wapi, alitoa simu, akatuonyesha. Ilikuwa orodha ya Guy.

"Kwa hiyo," Papa Adolphe alisema, "weye ulimwambia Guy, na Guy akakuambia weye."

"Ndiyo, njo ile tunaita kuthibitisha, vieux," Arsène alijibu, akimwita mzee kwa Kifaransa.

Basi Papa Adolphe akaacha maneno, akaenda kwenye picha. Alizunguka mjini nyumba kwa nyumba, akikaribishwa kwa chai na heshima, kwa kuwa kila familia ilikuwa na picha ya babu ndani ya ndege na kila familia ilingoja siku ambayo mtu msomi angekuja kuitaka. Alizipokea kwa mikono miwili na kuzigeuza. Nyuma ya kila rubani palikuwa na muhuri uleule: Photo Magloire, studio iliyokuwa karibu na kituo cha treni. Na upande wa mbele, nyuma ya kichwa cha kila rubani, palikuwa na wingu lilelile na ndege mdogo yuleyule, ndege wa manyoya, amesimama angani mahali palepale kwa miaka yote aliyofanya kazi Magloire. Katika picha moja ubao uliochorwa ndege ulikuwa mfupi kuliko mteja. Rubani alikuwa juu mawinguni, anatabasamu, na chini ya tumbo la ndege vilionekana viatu vyake viwili, vimepakwa rangi na kufungwa kamba vizuri.

Ulikuwa ubao wa studio tu. Vijana wa kampuni ya madini, waliotoka Kasai na kwingine, walivaa suti siku ya Jumapili, wakakaa kwenye kiti nyuma ya ubao, wakatoa kichwa kwenye tundu, na picha ikatumwa kijijini. Sidhani kama kuna aliyedanganya. Babu alikaa, Magloire akapiga, na kijijini watu walicheka na kufurahi. Uongo ulikuja baadaye, ulikuja na msiba. Hapa kwetu mtu akizikwa, lazima mmoja asimame asome maisha ya marehemu kwenye karatasi, na karatasi hiyo haijawahi kumzika mtu mdogo. Mwandishi wake huuliza wajane, hutazama ukutani, huona picha. Nimekaa katika matanga mengi, na mara nyingi nimetamani kumfahamu marehemu anayesomwa kuliko yule niliyemjua.

Papa Adolphe aliwaambia wenye picha ukweli mmoja mmoja, akidhani watashukuru. Familia ya kwanza ilimnyang'anya kikombe cha chai kabla hajamaliza.

Ilibaki picha moja ambayo hakuwa ameigeuza. Ilikuwa katika fremu, juu ya kabati, nyumbani kwa Mama Georgette Ngalula, mjane muuza vitenge anayekaa upande wa Kakontwe. Papa Adolphe, mjane naye, alikwenda pale kila Jumapili baada ya misa. Alikula. Alisifu sombe, yale majani ya muhogo. Alitazama juu ya kabati, akatazama sahani. Mwaka mzima hakuomba picha ile ishushwe, na kwangu hilo lilitosha kujua hali ya moyo wake. Mtu aliyemgeuza Bikira Maria mbele ya paroko alishindwa kumgeuza baba wa Georgette.

Kisha Arsène, ambaye ni mtoto wa dada yake Georgette, akaja na mpango wa kibao. Kibao cha shaba, kimepondwa na fundi, chenye sura ya ndege, kichwa cha rubani wake na jina lake, kitapigiliwa kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia. Na rubani, baada ya kikao kirefu cha chama ambacho wanachama wake wawili ni jamaa wa Arsène, alionekana kuwa baba wa Georgette, marehemu Damas Mukendi. Hotuba isomwe na Papa Adolphe, kwa sababu yeye ameandikiana na Ulaya.

Georgette alimwomba mwenyewe, mbele yangu, Jumapili, akimwongezea bukari, ugali wa huku kwetu.

"Mwaka ule wa fujo, walipotufukuza, tulilala kwenye kituo cha treni," alisema. "Siye watu wa Kasai, na masufuria yetu, na watoto. Watu wanapita, wanasema turudi kwetu. Kwetu wapi? Minye nilizaliwa hapa. Nataka jina ya baba ipigwe musumari mu ukuta wa hii muji. Yule anataka turudi, atoe kwanza musumari."

Papa Adolphe aliacha kutafuna.

"Nitasoma," alisema. "Lakini ile foto, Mama, niiguse kidogo."

"Uiguse ao uigeuze?"

"Niigeuze."

"Mwaka muzima macho yako inapanda pale juu kuliko inaangalia minye," Georgette alisema, akavuta kiti. "Shusha. Beba hata nyumbani. Rudisha na fremu yake."

Kesho yake alinijia shuleni akiwa na kitu chini ya shati. Alingoja wanafunzi watoke. Alitoa picha, akanionyesha mgongo kwanza.

Nyuma hapakuwa na kitu. Hapakuwa na muhuri wa Magloire. Nikaigeuza. Mbele ilikuwa ndege ileile, mabawa mawili na magurudumu, lakini hapakuwa na wingu wala ndege wa manyoya. Na Damas Mukendi hakuwa ndani. Alisimama kando yake, ameweka mikono nyuma, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka kazini.

"Hii njo ndeke yenyewe, Madame," Papa Adolphe alisema. "Ile ya ubao waliiga kwa hii. Ilikuwa. Iliruka."

Sikuona kosa katika picha ile. Niliona kosa usoni mwake. Alikuwa anang'aa kama mtu aliyekunywa, na kung'aa hakukumkaa vizuri.

"Papa Adolphe," nilimwambia, "kama picha hii ingekuwa ya mama mwingine, ungesemaje?"

Alifikiri kwa uaminifu.

"Ningesema ni uongo. Lakini haiko ya mama mwingine."

Tukaenda kwa Georgette pamoja. Alikuwa anakunja vitenge mezani. Papa Adolphe alimweleza kila kitu akiwa amesimama, mgongo wa picha, wingu lisilokuwapo, heshima ya Likasi. Georgette alimsikiliza mpaka mwisho, akaketi, akaanza kucheka kimyakimya, akijifuta macho na ncha ya kitenge cha kuuza.

"Ya kweli namna gani, Kalenga? Baba njo aliipaka rangi."

"Alipaka rangi ndeke?"

"Alipaka ubao. Magloire alimuita. Mukononi mwa baba kulikuwa brosi; njo maana ameficha mikono, rangi ilikuwa inamwagika. Mawingu alikuwa bado kuweka. Aliweka kesho yake. Minye nilishika kopo."

Papa Adolphe alivua miwani, akaivaa tena.

"Na haukusema."

"Nani aliniuliza? Mulifika wote munasema baba yako aliruka, baba yako aliruka. Nikanyamaza. Kunyamaza haiko uongo."

"Mama Georgette," alisema, na sasa uso wake ulirudi kuwa wa kwake, "hii ni muzuri kupita kuruka. Wale marubani wote, wote, walikaa mu ndeke ya baba yako. Hakuna ingine ilitengenezwa huku. Ni ile."

Georgette hakucheka tena.

"Baba alipaka rangi mabomba ya kampuni mpaka kifua kikakauka. Hakuna muntu alimuheshimu kwa rangi. Sasa hii muji yote baba zao waliruka, na wangu njo abaki chini na brosi? Nikawaite watu, wavae, wakae kwenye viti, niwaambie alipaka ubao?"

"Lakini njo kweli."

"Sikia, Kalenga." Alimwonyesha kiti alichokuwa akikalia Jumapili zote. "Ukisoma aliruka, mwezi wa nane tunaenda weye na minye kwa paroko. Ukisoma ile ingine, hii kiti nitapatia muntu mwingine, na mulango haitakujua."

Aliyasema bila hasira, kama bei ya kitenge ambayo haipunguzwi.

Siku zile za kungoja, Papa Adolphe alikuja kukaa nyuma ya darasa langu nikifundisha, akasikiliza habari za wafalme kama mtu anayengoja daktari. Nilimwonea huruma, nikampa njia ya kutokea. Aseme "inasemekana aliruka". Watu wataridhika, Georgette ataridhika, na yeye hatakuwa amesema lolote.

"'Inasemekana' ni ya radio," alijibu. Baadaye, tukiwa mlangoni, alisema tena, akitazama vumbi la barabarani, "Tangu mke wangu afe nakula bukari ya jana. Unajua bukari ya jana iko namna gani? Unaipasha moto, inakuangalia."

Nami naijua bukari hiyo.

Siku ya kibao ukumbi wa parokia ulijaa. Familia za marubani wengine zilikuja pia, zimevaa, zimenuna, kuona rubani wa wenzao akipewa shaba. Kibao kilikuwa ukutani, kimefunikwa kitambaa cha meza. Georgette alikaa mbele, amefunga kilemba cha rangi ya dhahabu. Papa Adolphe alipanda na suti ya kazini, suti pekee niliyopata kuiona mwilini mwake.

Alisoma kifupi. Alisema kwamba Likasi haikuwahi kurusha ndege. Ilitengeneza ndege moja, ya ubao, na aliyeipaka rangi ni Damas Mukendi, mfanyakazi wa kampuni, mtu wa Kasai, mtu wa Likasi. Ndege hiyo ilibeba watu wengi kuliko ndege yoyote ya wakati ule, na haikumuua hata mmoja. Wengi waliomo ukumbini ni wajukuu wa abiria wake. Akamshukuru Damas Mukendi, akakunja karatasi.

Kisha mzee mmoja akasimama.

"Unasema ndugu yangu mukubwa aliruka na ubao?"

"Hapana, papa. Hakuruka. Alikaa."

Arsène alimsogelea, akamnong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Vieux, sema aliruka hata kidogo. Hata mita mbili."

"Kupita juu ya nini, Arsène?"

Bibi mmoja wa safu ya nyuma akaanza kucheka. "Marehemu wangu alinionyesha ile foto siku ya kuja kunichumbia," aliwaambia jirani zake. "Na minye nikaitika." Kicheko kikashuka safu kwa safu, kikavunja sura za watu, kikawafikia hata waliokuja kununa. Wengine hawakucheka; hao walitoka na viti vyao.

Georgette alisimama. Akakaza kitenge chake kiunoni, akapita katikati ya ukumbi taratibu, akatoka. Hakumtazama Papa Adolphe. Papa Adolphe alimtazama mpaka mlangoni, kisha akabaki anautazama mlango. Kitambaa cha meza hakikufunuliwa.

Baada ya hapo familia kadhaa ziliacha kumsalimu, na moja ilimtumia neno kwamba asije kwenye misiba yao, nao hawatakuja kwenye wake. Guy alipoandikiwa, alijibu kwamba ameiondoa Likasi kwenye orodha, kisha akaandika tena kwamba amefungua ukurasa mpya wa ndege ambazo hazikuwahi kuwapo, na Damas Mukendi ndiye wa kwanza. Papa Adolphe aliniomba nimsomee barua hiyo mara mbili. Hakuwa na wa kumpelekea.

Lakini sokoni mambo yalikwenda kwa njia yake. Watu walianza kusimama kwenye meza ya Georgette bila kununua. Walitoa picha mkobani. Ni kweli baba yako ndiye aliyemweka huyu ndege mdogo? Na wingu hili, kwa nini lina masikio? Mwanzoni aliwafukuza. Kisha akaanza kujibu kwamba wingu lina masikio kwa sababu baba alichoka na bluu ikaisha. Kisha watu wakaanza kumwita binti wa mwenye ndeke, na akaitika. Mwisho alimwita Arsène, akamwamuru arudishe kibao kwa fundi wa shaba, kichwa cha rubani kipondwe kiishe, na chini yake paandikwe: Damas Mukendi, mpaka rangi. Kilipigiliwa asubuhi moja ya kazi, bila viti wala hotuba. Papa Adolphe hakualikwa.

Ila mchana wa siku ile Arsène alifika kwa Papa Adolphe, nikiwapo, amebeba sufuria iliyofungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na bukari inayofuka moshi, na sombe.

"Tantine Georgette anasema hajakusamehe," Arsène alisema.

Papa Adolphe alionja.

"Mwambie chumvi ilipunguka."

Kesho yake chumvi ilizidi mpaka midomo ikauma. Alimaliza yote. Siku ya tatu sufuria ililetwa na Georgette mwenyewe, akaiweka mlangoni, akasema yeye mwenyewe kwamba hajamsamehe, na akakaa kungoja sufuria yake. Ikawa hivyo. Kwa paroko hawakwenda, mwezi wa nane wala mwezi mwingine. Kiti kile cha Jumapili, naambiwa, alipewa paka.

Papa Adolphe alikufa baada ya Pasaka, kwa moyo. Matanga yalifanywa uani kwake, na Arsène ndiye aliyesimama kusoma maisha yake. Nilimsikia akisoma kwamba marehemu Adolphe Kalenga alikuwa mhandisi wa ndege aliyejifundisha mwenyewe, mshauri wa wataalamu wa Ubelgiji, na kwamba ujana wake aliwahi kukaribia kuruka. Watu waliitikia kwa vichwa. Georgette alikuwa amekaa pamoja na jamaa wa marehemu, mahali ambapo hakuna aliyempa, kilemba kimeshuka usoni na mabega yanatikisika. Sikugeuka kuona kama ni kilio.

Mara ya mwisho nilipozungumza na Papa Adolphe ilikuwa hospitali, juma moja kabla ya kufa kwake. Georgette alikuwa kando ya kitanda, anamlaumu muuguzi kwa ajili ya shuka. Alipotoka kwenda kuosha sahani, nilimwambia Papa Adolphe kwamba nafikiri kuandika habari zake.

"Na Georgette utamuandika?"

"Naye."

Alisikiliza kwanza maji ya bomba nje.

"Usiandike tulipendana, Madame. Hiyo hakuna muntu aliona. Andika alikuwa ananiletea bukari ya moto kila siku, na kila siku anasema bado hajanisamehe."